Urithi Uliofichwa Kwenye Bahasha

Wanachuo wenzangu, hasa mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, naomba niwape somo nililolipata kwa aibu.

Mwaka jana niliwasomesha Kidato cha Pili hadithi fupi ya Agatha Christie, "Strange Jest", iliyotoka 1941. Mzee Mathew amefariki. Warithi wake, Charmian na Edward, wanaikuta nyumba lakini hela hazionekani. Wamechimba bustani mpaka wamechoka. Karibu na kufa mzee aliwaambia mambo yao yatakuwa mazuri, akagonga jicho lake kwa kidole. Basi wanamwendea Miss Marple, bibi wa kijijini ambaye si polisi wala wakili, ila anawajua watu.

Bibi anagundua droo ya siri kwenye dawati la marehemu. Ndani mna barua za mapenzi za mwanamke aitwaye Betty Martin. Vijana wanakata tamaa. Barua tu!

Hapo nikauliza darasa: urithi uko wapi? Kimya. Moyoni nikasema, hawa hawafikiri.

Kumbe mwenye kosa ni mimi. Kiingereza cha zamani kina msemo unaotaja jicho na huyo huyo Betty Martin, maana yake "upuuzi mtupu". Mzee alipogonga jicho alikuwa anasema: barua hizi ni danganya toto. Mali ilikuwa juu ya bahasha, kwenye stempu adimu ya 1851. Asiyejua msemo ule atachimba bustani mpaka kesho.

Siku ya pili nikaanza upya. Niliwaeleza msemo kwanza, nikawaruhusu wajadili kwa Kiswahili, ndipo nikarudia swali lile lile. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, kama maneno ni ya uongo, si tuangalie karatasi yenyewe?" Darasa zima likaanza kubishana kuhusu bahasha.

Kwa hiyo unapotunga swali, fanya hivi:

1. Andika jibu, kisha orodhesha kila kitu ambacho mtoto lazima akijue ili alifikie.
2. Ondoa kile unachotaka akivumbue mwenyewe.
3. Vilivyobaki, mfundishe kabla ya kuuliza.

Mimi niliruka hatua ya tatu, nikawahukumu watoto arobaini. Kabla hujaandika "hajitahidi" kwenye daftari la mtu, jiulize kwanza kama msemo ulimpa.