Mbwa wa Nyumba Yenye Watoto

Kamere iko ukingoni mwa Ziwa Naivasha, kando ya barabara ya Moi South Lake, baina ya mashamba ya maua na Mbuga ya Hell's Gate. Mzee anayeulizwa hapa alitibu mifugo sehemu hizi tangu ujana wake hadi alipostaafu. Anayeuliza ni mama wa watoto wawili, mfanyakazi wa shamba la maua.

MAMA: Hujambo, Mzee? Nimekuja na neno dogo la nyumbani.

MZEE: Sijambo, binti yangu. Karibu, keti. Neno gani?

MAMA: Watoto wanataka mbwa. Baba yao hapingi, ila anasema akija mbwa kwake awe Jaman Shepadi halisi. Bei zake hatuziwezi. Mwenzangu kazini anajua mtu anayeuza chotara kwa bei nafuu. Na mimi nikipita kule ufuoni kwa wavuvi naona mbwa wengi hawana wenyewe. Nimchukue yupi?

MZEE: Hilo la yupi tutalifikia. Mnakaa kwenu au mmepanga?

MAMA: Tumepanga. Vyumba viwili, na kiuwanja chenye ua wa mabati.

MZEE: Mwenye ploti anajua?

MAMA: Bado.

MZEE: Basi anza naye. Hao mbwa wa ufuoni unaosema hawana wenyewe, wengi walikuwa nao. Mtu anapata kibarua shambani, anapanga hapa, anatafuta mbwa wa kumlindia mlango. Kazi ikiisha anapakia godoro na jiko kwenye pikapu, na mbwa anabaki barabarani akikimbiza lile gari mpaka linampotea. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado linaniuma. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inasema wazi kuwa kumtelekeza mnyama wako mahali atakapoteseka ni kosa. Kwa hiyo jiulizeni wewe na mumeo: tukihama kwenda Karagita, au tukirudi mashambani, mbwa anapanda gari? Kama jibu si ndiyo, msimchukue.

MAMA: Ndiyo yetu itakuwa ndiyo. Watoto hawatakubali abaki.

MZEE: Vizuri. Na majirani? Yupo anayeswali?

MAMA: Mlango wa pili. Mama Mwislamu.

MZEE: Mwambie mapema, kwa adabu, na umhakikishie mbwa hatapita kwenye mlango wake wala kugusa nguo zake kwenye kamba. Ugomvi wa mbwa ukiingia kwenye ploti, anayeumia mwisho ni mbwa. Anawekewa sumu usiku.

MAMA: Nitamwambia. Sasa, hili la Jaman Shepadi?

MZEE: Ni mbwa mzuri kwa mwenye nafasi na muda. Anataka kazi, anataka mazoezi, anakula sana, na jamii hiyo ina tabia ya kurithi ubovu wa viungo vya nyonga. Ukimfungia kwenye kiuwanja chako mchana kutwa, na nyote mko kazini na shuleni, atakuwa mkali wa kukosa la kufanya. Chotara wake anaweza kuwa nafuu, kwa sababu damu ikichanganyika baadhi ya magonjwa ya kurithi hupungua. Lakini chotara si jibu la kila kitu. Huwezi kujua amechukua nini kwa baba na nini kwa mama mpaka akue. Ndiyo maana mimi sitazami ukoo kwanza. Natazama mbwa mwenyewe, alivyolelewa na anavyotazama watu.

MAMA: Na wa kienyeji? Baba watoto anawaita takataka.

MZEE: Mwambie hivi. Mwaka 2009 wataalamu wa jeni, akiwemo Adam Boyko wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti wa damu za mbwa zaidi ya 300 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda walionekana kwa sehemu kubwa ni uzao wa asili wa Afrika, si mabaki ya mbwa wa Wazungu. Huyo anayeitwa koko ana ukoo wake. Wanyonge wa jamii hiyo walikufa zamani kwa jua, njaa na kupe, na waliobaki ni wagumu, hawali kupita kiasi, wana manyoya mafupi ambayo ukitafuta kupe unawaona. Kwa nyumba kama yako, mimi nasema mchukue wa kienyeji au chotara wake, mkubwa wa mwaka mmoja au miwili, jike aliyefungwa kizazi.

MAMA: Mkubwa? Mimi nilidhani ukimchukua mtoto ndiyo anazoea.

MZEE: Mtoto anazoea, lakini nani atamfundisha? Unatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wa mbwa anataka chakula mara nne kwa siku, anakojoa kila penye zulia, anatafuna viatu, na meno yake ni kama sindano kwenye mikono ya mtoto wako. Mkubwa unamwona alivyo, kimo chake, sauti yake, tabia yake. Hakuna kubahatisha.

MAMA: Na huyu anayeuza chotara?

MZEE: Anawauzia wapi?

MAMA: Kando ya barabara. Anawashika mkononi, anawaonyesha wenye magari.

MZEE: Hao usiwaguse. Nasema hivyo nikijua utawahurumia. Mbwa wa kushikwa mkononi barabarani mara nyingi ana wiki nne au tano, naye anaambiwa ana nane. Hakupaswa kumwacha mama yake kabla ya wiki ya nane, kwa sababu ni kwa mama na ndugu zake anapojifunza kuuma pole pole na kuachia. Halafu kuna parvo. Ni virusi vinavyomaliza matumbo. Anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau, na siku chache tu anakufa. Virusi hivyo vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Kama hapo kwenye ploti kuna mbwa mdogo aliyewahi kufa hivyo mwaka huu, usilete mtoto wa mbwa asiye na chanjo kabisa. Ukinunua kwa huyo muuzaji, unampa pesa za kumzalisha tena yule jike mahali usipoona.

MAMA: Basi nimtoe wapi huyo mkubwa?

MZEE: Kuna mahali pawili. Pa kwanza ni KSPCA, chama cha kulinda wanyama. Makao yake yako Karen, Nairobi, na kina tawi hapa Naivasha. Wao huwachanja, huwafunga kizazi, na wanakuuliza maswali juu ya nyumba yako kabla ya kukupa. Usikasirike wakikuuliza. Anayekupa mbwa bila kukuuliza lolote anataka tu kumwondoa. Pa pili ni kwa mtu unayemjua, anayehama au aliyeshindwa, na mbwa umemwona kwake ukipita, unajua anabwekea nani na anamlamba nani.

MAMA: Na wa ufuoni? Kuna mmoja mwekundu, masikio yamesimama, hunifuata mpaka kwenye duka.

MZEE: Inawezekana, lakini huyo hapiti moja kwa moja kwenye kitanda cha mtoto. Kwanza ulizia kwa wavuvi kama ana mwenyewe, kwa maana wengine wanazurura mchana na usiku wanarudi kwao. Kisha amwone daktari wa mifugo. Halafu utampima mwenyewe, nami nitakwambia namna.

MAMA: Niambie polepole, nisije nikasahau.

MZEE: Nenda bila watoto. Usimsogelee wala usimwite. Chutama ubavu ubavu, usimkazie macho, weka omena chache kando yako. Mbwa wa nyumba yenye watoto huja mwenyewe, mwili umelegea, mkia chini kidogo unayumba pamoja na kiuno. Anayekuja mwili umekaza, mdomo umefunga na mkia umesimama wima hautikisiki, mwache ale aende zake. Anayebaki mbali akitetemeka si mkali leo, lakini mtoto akimkimbilia atauma kwa woga. Akishakuzoea, mpitishe mkono shingoni, mguse masikio, shika mguu mmoja kisha uuachie. Mbwa mzuri atakutazama, pengine atauvuta mguu, basi. Halafu mtu wako aangushe kifuniko cha sufuria kwa mbali. Kushtuka si kosa. Tazama baada ya kushtuka: anarudi kunusa, au anakimbia na harudi tena? Unataka anayerudi. La mwisho ni chakula. Mpe ugali kwenye sahani, akiwa anakula pita karibu, usimnyang'anye. Akiganda, akainamia sahani na kukutazama kwa pembe ya jicho, huyo si wa nyumba yenye watoto wadogo, hata awe mzuri vipi. Rudia jambo lote siku nyingine, kwa kuwa mbwa mwenye njaa au mgonjwa hukudanganya siku ya kwanza.

MAMA: Na afya nitaijuaje?

MZEE: Mwinue mdomo. Fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe ana minyoo wengi au homa ya kupe. Bonyeza kwa kidole, pawe peupe, na damu irudi haraka. Mtazame ndani ya masikio na katikati ya vidole, ndipo kupe hujificha. Manyoya yakiwa yametoka kwa mabaka, ngozi nene yenye magaga, huo ni ukurutu. Unatibika, ila unaweza kuambukiza watu. Mengine ni ya daktari.

MAMA: Chanjo je? Kila mtu anasema kichaa cha mbwa.

MZEE: Hapo sitaki utani hata kidogo. Ugonjwa huu umeandikwa Kenya tangu 1912, na dalili zikishamtoka mtu hakuna dawa. Serikali ilitoa mkakati mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030, na njia yake kuu ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Wako awe mmoja wao. Anachanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi unaiweka pamoja na vyeti vya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta taa wala majani. Na mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama atazamwe siku kumi, daktari wa mifugo ajulishwe.

MAMA: Hata mkwaruzo?

MZEE: Hata mkwaruzo uliolambwa. Na jambo jingine tulilo nalo hapa, kwa kuwa tuko mlangoni mwa Hell's Gate: mbwa asiyechanjwa anaua hata wanyama wa porini. Mwaka 1994 kule Serengeti ugonjwa wa distempa uliwashukia simba, na karibu theluthi moja ya simba wa mbuga ile, kama 1,000, walikufa. Mbwa wa vijijini walio kando ya mbuga ndio walioshukiwa kuuleta. Kwa hiyo daktari akikwambia kuna chanjo inayojumlisha distempa na parvo, mpe.

MAMA: Viboko je? Usiku wanatoka ziwani wanakula nyasi mpaka karibu na nyumba zetu.

MZEE: Usiku awe ndani ya ua, lango limefungwa. Mbwa akimbwekea kiboko kisha akashindwa, hukimbilia kwa mwenyewe, na kiboko nyuma yake. Lakini usimfunge mnyororo mfupi mchana na usiku. Mbwa wa mnyororo ndiye anayemrarua mtoto siku mnyororo ukikatika. Mtengenezee kibanda penye kivuli. Maji safi kila siku, na tafadhali, asinywe kwenye debe wala chupa iliyobeba dawa ya maua, hata umeisugua vipi. Ugali na omena vinamtosha, na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama vigae.

MAMA: Akifika siku ya kwanza, watoto wafanye nini?

MZEE: Wasifanye kitu. Hilo ndilo gumu kwao. Siku tatu za kwanza wamwache anuse, alale, aje mwenyewe. Waambie mambo matatu na uyarudie mpaka wachoke kukusikia: akila hatumgusi, akilala hatumwamshi, na uso wake hatuukumbatii. Mdogo wako ana miaka mingapi?

MAMA: Minne.

MZEE: Huyo asiachwe peke yake na mbwa, hata dakika ya kwenda kuchota maji. Hata mbwa awe malaika. Mtoto mkubwa ampe chakula, kila siku saa ile ile, ndipo mbwa atamjua ni mwenyewe.

MAMA: Na ukasema jike. Si atajaza ploti watoto?

MZEE: Ndiyo nikasema aliyefungwa kizazi. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hesabu mwenyewe watoto hao wanaishia wapi hapa Kamere. Dume naye ahasiwe. Atatulia, hatapigania majike barabarani wala kugongwa na lori za maua. Ukiambiwa mbwa asiyezaa hawezi kulinda nyumba, usiamini. Anayelinda nyumba ni anayeipenda nyumba.

MAMA: Mzee, umenipa kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

MZEE: Ni kubwa. Mbwa wa kienyeji aliyetunzwa anaweza kuishi miaka 12 na zaidi. Huyo mdogo wako wa miaka minne atakuwa amefika shule ya sekondari, ikiwa Mungu atawajalia, na mbwa bado yupo mlangoni. Kwa hiyo leo zungumza na mwenye ploti na jirani yako. Wakikubali, nenda KSPCA pamoja na mumeo, awaone kwa macho yake, achague naye. Na yule mwekundu wa ufuoni, hata usipomchukua, siku ya chanjo ikitangazwa mpeleke. Mwenyewe asipojitokeza, wewe mshike kamba.