SABUNI YA MAZIWA YA MBUZI: FUNDISHO KWA MAMA

Mama mpenzi, mikono inaweza kuonekana safi, kumbe ina uchafu usioonekana. Mwaka 2008 kolera iliingia Lubumbashi na hapa kwetu Likasi. Ugonjwa ule unapita kwa maji, kwa chakula na kwa mikono. Kwa hiyo tunafurahi mama akitaka kujitengenezea sabuni. Siku ya kupima watoto kilo wengine wanauliza: «Nitie na maziwa ya mbuzi?» Tutajibu. Lakini ndani ya sabuni kuna kitu kikubwa kuliko maziwa, nacho ni soda.

1. Maziwa yanafanya kazi gani?

Maziwa ya mbuzi yana mafuta na sukari. Mafuta yake yanageuka sabuni, sawa na mafuta ya mawese. Sabuni inakuwa laini kidogo mkononi. Ni hayo tu. Sabuni hii si dawa. Haiponyi upele wala vidonda vya kichwa. Mtoto anayejikuna usiku, mlete kliniki.

Tena fikiri: mbuzi wetu hatoi maziwa mengi. Kwanza anyonye mwana wake. Yanayobaki, yachemshe vizuri, uyatie katika uji wa mtoto aliyepita miezi 6. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa inayokwenda na kurudi. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye titi la mama tu. Kama maziwa yamebaki hata baada ya hayo, basi tia katika sabuni. Kama hakuna, tumia maji. Sabuni itasafisha vilevile.

2. Ujue soda

Soda kostiki si soda ya mikate. Inaunguza ngozi, macho na koo. Mtoto akimeza hata kidogo, koo linaungua, kisha linaweza kuziba, asiweze tena kumeza chakula. Kwa hiyo:

– Usiiweke kamwe katika chupa ya Fanta au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma.
– Iweke ndani ya mkebe wenye kifuniko na alama, juu, mahali pa kufungwa na ufunguo.
– Siku ya kupika sabuni, mtoto asiwe mgongoni! Mwachie dada au jirani, mbali na pale.
– Usipime kwa kijiko wala kwa macho. Kilo yetu ya kupimia watoto haiwezi kupima gramu 130. Tafuta mizani ndogo. Hakuna mizani? Basi usipike, nunua sabuni sokoni.
– Usitumie sufuria ya aluminiamu. Soda inaila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu, au ndoo ngumu ya plastiki.

Na chokaa je? Kakontwe tunajulikana kwa mawe ya chokaa. Lakini chokaa haishiki kazi ya soda. Ukiichanganya na mafuta unapata kitu kama nta, hakiyeyuki katika maji. Nayo chokaa iliyochomwa inaunguza macho.

3. Namna ya kutengeneza

Vipimo: mafuta ya mawese kilo 1, soda kostiki gramu 130, maji gramu 170, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 160. Vyote vipimwe kwa mizani. Maji ya mvua ni mazuri, kwa sababu maji yaliyopita katika mawe ya chokaa yanazuia povu.

a) Fanya kazi nje, penye hewa. Vaa glavu, nguo ya mikono mirefu na miwani.
b) Mimina soda ndani ya maji, polepole. USIMIMINE MAJI JUU YA SODA: yataruka usoni. Maji yatapata moto sana. Geuza uso, usivute moshi wake. Ngoja yapoe mpaka vuguvugu.
c) Yeyusha mafuta, yapoe nayo mpaka vuguvugu.
d) Mimina maji ya soda ndani ya mafuta, ukikoroga bila kuacha, mpaka yawe kama uji mwepesi.
e) Sasa tia maziwa, endelea kukoroga. Ukiyatia mapema katika soda ya moto, yataungua na kunuka.
f) Ukiinua mwiko na alama inabaki juu, mimina katika boksi lenye plastiki ndani. Usilifunike kwa blanketi. Maziwa yanaongeza moto.
g) Kesho yake au kesho kutwa, kata vipande, bado umevaa glavu. Viweke penye hewa majuma 4 mpaka 6. Kabla ya hapo usioshe mtu.

4. Ajali ikitokea

Ngozi: vua nguo, mwaga maji mengi dakika 20. Jicho: maji safi dakika 30, kisha njoo hospitali.

Mtoto amemeza: usimtapishe! Ile soda itaunguza koo mara ya pili. Usimpe mafuta, ndimu wala siki. Suuza kinywa chake. Kama anaweza kumeza, mpe maji au maziwa kidogo kidogo. Mlete hospitali saa ileile, pamoja na mkebe wa soda, hata kama ameacha kulia.

5. Sabuni isifichwe

Mama wengine wanatunza sabuni nzuri kwa ajili ya wageni. Juu ya nini? Iweke karibu na choo na karibu na jiko. Nawa baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kunyonyesha au kulisha mtoto. Kipande kibaya kinachotumika kila siku kinalinda watoto kuliko kizuri kilichofungwa sandukuni.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Ukiwa na kikombe kimoja cha maziwa ya mbuzi, utampa nani kwanza?
2. Soda inamiminwa wapi: ndani ya maji, au maji juu yake?
3. Mtoto wa jirani amemeza soda. Utafanya nini? Hutafanya nini?
4. Leo, nyumbani mwako, sabuni iko wapi?