Dondoo muhimu: Kujisomea ulinganifu katika fizikia

Wengi hukwama kwenye nadharia ya uga wa kwanta kwa kuparamia hesabu nzito kabla ya kujua ni kitu gani hakibadiliki. Anza hivi:

1. Shika kwanza teoremu ya Emmy Noether (1918): kila ulinganifu endelevu una kitu chake kinachohifadhiwa.

2. Ijaribu kwenye milima ya Uluguru. Ukipanda kutoka mjini Morogoro hadi Morningside, nishati ya uvutano hubadilika, yaani hakuna ulinganifu wa juu na chini. Ndiyo maana momentamu ya jiwe linaloanguka haihifadhiwi. Lakini kanuni za fizikia za leo ndizo za kesho, hivyo jumla ya nishati yake huhifadhiwa, ukipuuza hewa.

3. Zungusha daftari nyuzi 90 kwa mhimili mmoja, kisha mwingine. Rudia kwa kubadili mpangilio: litaishia mkao tofauti. Nadharia ya makundi ndiyo hesabu ya mizunguko kama hii, usiiruke.

4. Usidhani kila ulinganifu unadumu. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu alionyesha kwa kobalti-60 kwamba nguvu hafifu ya nyuklia hutofautisha kushoto na kulia.

5. Ulinganifu "uliovunjika" katika utaratibu wa Higgs, unaozipa chembe masi, haujafutika. Milinganyo bado inao; hali ya chini kabisa ya nishati ndiyo isiyouonyesha.

6. Unarudi kijijini, tuseme Mgeta, ambako mtandao unaweza kusumbua? Pakua kabisa ukiwa mjini maelezo ya bure ya nadharia ya uga wa kwanta ya David Tong wa Chuo Kikuu cha Cambridge.