Zulia Jeusi, Nyanya na Roboti

Mwaka jana mama alinunua zulia dogo jeusi akalitandika mlangoni. Jioni nilipotoka shuleni nilimkuta nyanya amesimama nje, viatu mkononi, hataki katakata kuingia. Nikamshika mkono nimvute. Akapiga ukemi hadi jirani akachungulia. Ndugu yangu akasema, "Ni maringo tu ya uzee." Mimi nami, kwa njaa na uchovu, nikakubali. Kumbe nyanya hakuona zulia. Aliona shimo.

Nyanya ana maradhi ya kusahau, ambayo madaktari huyaita demensia. Maradhi haya hayaibi kumbukumbu pekee. Huvuruga pia jinsi ubongo unavyofasiri kile ambacho jicho linaona. Kwa sababu hiyo, wanaojenga makao ya wazee wa aina hii huepuka kutandika kitu cheusi juu ya sakafu nyeupe.

Sasa hebu sikiliza kioja. Nilipokuwa nikisoma habari za roboti zinazosaidia wazee, niligundua kwamba hata roboti ndogo za kufagia nyumba huogopa zulia jeusi! Chini ya tumbo zina vihisio vinavyotupa mwanga usioonekana kwa macho, kisha vinangoja urudi. Usiporudi, mashine hudhani imefika ukingoni mwa ngazi, ikarudi nyuma upesi. Rangi nyeusi humeza mwanga huo. Basi zulia la mama lingewashinda wote wawili, nyanya na roboti.

Nikaona si zulia tu. Chukua kioo kikubwa cha ukutani. Mgonjwa anaweza asijitambue, akadhani kuna mgeni. (Nyanya humkaribisha chai.) Roboti inayojiongoza kwa miale ya leza nayo hupotoshwa na kioo: miale ikiakisiwa, mashine huweza kuona chumba ambacho hakipo. Sakafu ikisuguliwa mpaka ing'are, mzee hudhani ina maji, na kamera ya roboti nayo hudanganywa na mng'ao. Kizingiti kirefu humkwaza mzee, gurudumu nalo hukwama. Kwa hivyo anayetaka kuleta roboti katika makao ya wazee na aanze kwa kuitengeneza nyumba kwa ajili ya mzee. Akifanya hivyo, nusu ya kazi ya roboti imekwisha.

Nusu tu, lakini. Nusu nyingine ni ya kuvutana. Roboti hupenda chumba kitupu na viti visivyosogezwa. Mzee hutaka kiti chake cha miaka yote, picha za harusi, na kabati la kushikilia anapotembea. Ukiondoa vyote hivyo ili mashine ipite, mzee ataamka asubuhi asijue yuko kwa nani. Kwa maoni yangu, mashine ndiyo ibanwe. Isipopita, ibaki nje.

Japani wamelijaribu jambo hili kuliko wengi, maana huko watu wapatao 29 katika kila 100 wana umri wa miaka 65 na zaidi. Mtafiti mmoja, James Wright, alikaa katika makao ya wazee huko akitazama roboti zikitumiwa, na mwaka wa 2023 akachapisha kitabu juu yake. Mojawapo ilikuwa mashine iitwayo Hug, ya kumwinua mzee kitandani ili migongo ya wahudumu ipumzike. Ilikuwa na nguvu, si haba. Lakini baada ya siku chache wahudumu wengi waliiacha. Kuisukuma kutoka chumba hadi chumba kulikula wakati, wakaona heri mikono yao. Mwenye kuchora ramani ya nyumba alipaswa kujiuliza mapema: italala wapi, na ni hatua ngapi hadi kitandani?

Roboti nyingine ni Paro, yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi. Mtafiti Takanori Shibata alianza kuiunda mwaka wa 1993, ikaanza kuuzwa Japani mwaka wa 2005. Ina manyoya meupe, huhisi mguso, mwanga na sauti, na hugeuza kichwa ikiitwa. Mbona isiwe paka? Kwa sababu watu wanamjua paka, wataona upesi kwamba huyu ni wa bandia. Kilichonifurahisha zaidi ni chaja yake: imeundwa kama chuchu ya mpira ambayo watoto hunyonya. Hivyo hata ikichajiwa mbele ya wazee, huonekana kama mtoto anayenyonya, si chombo kilichochomekwa ukutani. Paro haihitaji korido pana. Inahitaji pembe tulivu isiyo na redio, kiti cha starehe, na mhudumu aketiye karibu, maana wengine huipenda kupita kiasi na kuinyang'anya ni vita.

Lipo jambo moja ambalo mimi nisingelikubali hata kidogo: roboti yenye kamera kuingia bafuni. Mtu kusahau jina la mwanawe si kusema amesahau haya. Usiku nayo ichajiwe mbali na njia ya msalani. Mzee huamka gizani, na taa ndogo inayomekameka sakafuni yatosha kumtia hofu akarudi kitandani na haja yake.

Kwetu hatuna roboti, na sidhani tutapata. Zulia jeusi tulimpa jirani yule yule aliyechungulia, na nyanya sasa huingia mwenyewe bila kuvutwa. Kioo cha sebuleni bado kipo, kwa kuwa dada yangu hataki kiondolewe. Ikifika saa kumi na mbili jioni mimi hukifunika kwa leso, kisha namwekea nyanya chai, kikombe kimoja.