Tunataka kuuza saa ya marehemu baba, tufanyeje tusipunjwe?



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyeri, kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Baba yetu aliaga dunia mwaka jana. Ujanani alikuwa dereva katika ranchi moja karibu na Nanyuki. Mwajiri wake alipouza shamba na kurudi kwao mwaka wa 1981, alimpa saa yake ya mkono, Rolex ya chuma, pamoja na barua ya kumshukuru. Baba aliivaa kanisani na harusini tu. Barua bado tunayo.

Sasa kakangu anataka saa iuzwe upesi. Kitinda mimba wetu yuko Chuo Kikuu cha Chuka na karo imekuwa mzigo. Kakangu amepata mnunuzi Karatina ambaye yuko tayari kutoa Sh45,000 taslimu, ila anataka jibu kabla ya Jumamosi. Fundi wa saa mjini anasema tumpe kwanza aisugue ing'ae na kuupaka uso wake rangi mpya, maana umegeuka rangi ya chai, ndipo tupate bei nzuri. Binamu yetu aliye Marekani naye anatuambia saa kama hiyo ni mamilioni. Mama hasemi lolote. Saa iko kwangu, na kakangu analalamika kwamba nimeikalia. Nifanye nini ili tusipunjwe?

Mwalimu, Ruring'u

JIBU

Pole kwa kufiwa na mzazi, Mwalimu, na pole kwa lawama unazobeba kwa sababu tu saa imewekwa mikononi mwako. Nitakujibu moja kwa moja: saa hiyo isiuzwe Jumamosi, isipelekwe kwa fundi kung'arishwa, na isitajwe bei na mtu yeyote kabla hujaketi na mama yako. Ushauri mwingine wote unafuata hapo.

Nimeanza na mama kwa sababu saa ni yake. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema katika kifungu cha 35 kwamba mtu akifariki bila wosia na kuacha mke na watoto, vitu vyake vya kibinafsi na vya nyumbani vinakuwa vya mjane kabisa. Vitu hivyo ni pamoja na nguo, mapambo na vyote alivyokuwa akivitumia mwilini mwake. Saa ya mkono imo. Kwa hiyo wewe na kaka yako mnazozania kitu ambacho si chenu. Kama baba aliacha wosia, au alikuwa na nyumba zaidi ya moja, hesabu inabadilika na itabidi mzungumze na wakili.

Isitoshe, kifungu cha 45 kinakataza mtu yeyote kuuza mali ya marehemu kabla ya kupata idhini kisheria. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kama hamjaanza shughuli ya mirathi, anzeni na barua ya chifu, kisha mwende katika mahakama ya Nyeri. Tangazo litatolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu watapewa siku 30 za kupinga. Mnunuzi makini atauliza stakabadhi hizi. Asiyeziuliza ana sababu zake, na mara nyingi sababu hizo hushusha bei.

Sasa tuje kwa yule wa Karatina. Wewe umelelewa katika eneo la kahawa, kwa hiyo jambo hili unalijua. Mkulima wa Tetu au Mathira mwenye shida humuuzia broka kahawa shambani, haijapimwa ubora, mnunuzi akiwa mmoja, na bei anaitaja broka. Kahawa iliyopitia kiwandani, ikapangwa kwa madaraja ya AA, AB na PB, ikaonjwa, kisha ikashindaniwa na wanunuzi kadhaa mnadani Nairobi, hutafutiwa bei kwa njia nyingine kabisa. Saa yenu bado iko shambani. Haijapimwa, imeonwa na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyewawekea siku ya mwisho. Jumamosi hiyo ni yake, si yenu.

Sh45,000 hazifiki dola 400 za Marekani. Rolex halisi ya chuma ya miaka ya 1970, ikiwa inafanya kazi na vipuri vyake ni vya asili, kwa kawaida huuzwa katika masoko ya nje kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo mambo ni mawili: ama saa ni bandia na mnunuzi amekosea, ama ni halisi na anawapunja vibaya. Hamwezi kujua ni lipi kabla ya kuipima.

Kupima kunaanzia nyumbani, kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani. Tazama chini kabisa ya uso wa saa, penye namba sita. Saa nyingi za Uswisi za wakati huo zilizopakwa dawa ya kung'aa gizani zimeandikwa neno SWISS likiwa na herufi T kila upande. Herufi hiyo inasimamia tritiamu, dawa yenyewe. Kisha mwombe fundi mwenye vifaa vinavyofaa aufungue mkanda mbele ya macho yako. Katika Rolex za miaka hiyo, namba ya modeli imechongwa kwenye ubavu wa kasha upande wa kumi na mbili, na namba ya utambulisho wa saa yenyewe upande wa sita, pale panapofichwa na mkanda. Ziandike zote mbili. Namba ya utambulisho inasaidia kukadiria mwaka ambao saa ilitengenezwa, na isipolingana na hadithi ya familia ni heri mjue mapema.

Hatua ya pili ni kufungua mgongo na kuitazama mashine. Kazi hii mpe fundi anayezijua saa za Uswisi, hata kama itabidi uabiri matatu hadi Nairobi. Mashine ya Rolex imeandikwa jina la kampuni na namba ya aina yake. Keti papo hapo akifungua, piga picha, na usiiache saa huko ilale. Si kwamba mafundi ni wezi. Ni kwamba saa ya bei huweza kubadilishiwa uso, mishale au mashine nzima, na mwenyewe asijue hadi siku ya kuuza. Ikibidi ibaki, pewa risiti yenye namba zote mbili na sahihi yake.

Ikigundulika ni bandia, msiiuze kama halisi. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, na kuuza bidhaa ya aina hiyo ni kosa. Ibaki nyumbani kama kumbukumbu ya baba.

Fundi wa mjini mwambie asante, lakini hapana. Pengine ana nia njema, kwa sababu wateja wengi hupenda saa inayometa. Wanaonunua saa kuukuu kwa bei kubwa hawatafuti mng'aro. Wanatafuta kasha ambalo kingo zake bado ni kali kama zilivyotoka kiwandani, na kila msasa unapopita chuma hupungua na kingo huviringika. Wanatafuta uso wa asili, hata uliofifia. Rangi hiyo ya chai imetokana na jua na miaka mingi, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha akishaifuta. Uso uliopakwa upya unaweza kukata sehemu kubwa ya bei kwa kazi ya saa moja. Mkanda wa zamani uliolegea, kipuri kilichowahi kubadilishwa, sanduku kama lipo, vyote viwekwe pamoja na saa. Ipanguse kwa kitambaa laini kikavu, basi. Isiguse maji, kwa maana mipira inayozuia maji huchoka kwa umri.

Sasa ile barua. Mwalimu, huenda hujui uzito wake. Familia ya dereva kutoka Nyeri ikimpelekea mfanyabiashara Rolex, swali la kwanza litakuwa imeipata wapi, na swali hilo litaulizwa kwa sauti inayoumiza. Barua ya mwajiri, yenye tarehe na jina la baba yako, inalijibu bila nyinyi kujieleza sana. Pia inaonyesha saa ilikotoka na ilikopita, jambo ambalo wakusanyaji hulilipia. Itoleeni nakala, mwiweke katika bahasha kavu, na msimpe mtu ile ya asili kabla ya fedha kuingia. Kama mna picha ya baba akiwa ameivaa harusini, itafuteni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nanyi mna bahati kwamba baba yenu aliacha daftari.

Binamu wa Marekani naye msimsikilize kupita kiasi. Kweli kuna Rolex zilizouzwa kwa mamilioni. Mnamo Oktoba 2017, saa aina ya Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa na mnada wa Phillips mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Hiyo ilikuwa na jina la mtu maarufu, modeli inayowaniwa, na maneno aliyochongewa na mkewe. Ziko nyingine zinazopanda bei kwa sababu ya alama, kama zile zenye jambia la Oman usoni zilizotengenezwa kutolewa zawadi na Sultan Qaboos, au zile zenye mshale mpana wa jeshi la Uingereza mgongoni. Angalieni kama yenu ina chochote cha namna hiyo. Isipokuwa nacho, ni saa nzuri ya chuma yenye thamani ya heshima, na bei yake itafutwe kati ya ndoto ya binamu na tamaa ya broka.

Kuipata bei hiyo, tafuta kwenye intaneti modeli ile ile, ya miaka ile ile, katika hali ile ile. Angalia bei ambazo zimelipwa kweli, kama zinavyotangazwa na nyumba za mnada baada ya mauzo, si bei ambazo wauzaji wanatamani kulipwa. Baada ya hapo omba bei kutoka kwa wanunuzi wasiopungua watatu: wenye maduka ya saa kuukuu Nairobi, mkusanyaji binafsi, na nyumba ya mnada ya nje ambayo hukadiria kwa picha. Usimtajie yeyote bei ya mwenzake, wala kwamba kuna karo inayongoja.

Mwenye duka hatakupa bei anayoandika dirishani. Atakata humo gharama za ukarabati, kodi, dhamana kwa mteja wake na faida yake. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara akikupa robo tatu ya bei ambayo saa kama hiyo imeuzwa kweli, hajakuonea. Akikupa nusu, mwambie akueleze kasoro moja moja. Akishindwa kueleza, chukua saa yako. Mnada wa nje unaweza kuleta bei ya juu zaidi, lakini hesabu kamisheni, bima ya kusafirisha, ushuru, na miezi ya kungoja.

Siku ya kukabidhiana mkutane ndani ya benki mchana, mama akiwapo, na mkataba wa mauzo wenye namba za saa na za vitambulisho. Fedha zikitumwa kwa M-Pesa, kiwango cha juu ni Sh250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haiwezi kubeba zaidi ya Sh500,000. Kiasi kikubwa kipitie benki. Arafa ya kusema umepokea pesa si pesa, kwa sababu wakora huzitunga. Angalia salio lako mwenyewe kwa *334# au mwulize karani wa benki, ndipo saa itoke mkononi mwako.

Imebaki karo, nayo ndiyo inayowakimbiza. Itenganisheni na saa. Kitinda mimba wenu aende kwenye ofisi ya fedha ya chuo aombe kulipa kwa awamu, afuatilie mkopo wa HELB, na mtume maombi ya basari ya kaunti na ya hazina ya eneobunge. Mkipata nafasi ya kupumua ya miezi mitatu, mtakuwa mmeongeza bei ya saa kuliko fundi yeyote angeweza kuiongeza.

Kaka yako usimwone adui. Anaona mdogo wake akikaribia kurudishwa nyumbani, na hilo linamchoma. Mwonyeshe jibu hili, mwende pamoja kwa mama, na mmweleze kwamba sheria imempa yeye neno la mwisho. Kunyamaza kwake si kukubali. Akisema iuzwe, iuzeni kwa hatua hizi bila haya, kwani hakuna ubaya wowote wa saa ya baba kumsomesha mtoto wa baba. Akisema ibaki, tafuteni karo kwingine na msimrudie kwa swali hilo. Mnunuzi wa Karatina apigiwe simu leo na aambiwe kwamba mwenye mali bado hajaamua.