Jinsi ya Kupanga Habari za Ukoo kwa Miaka

Mali bila daftari huisha bila habari, na mambo ya ukoo ni vivyo hivyo. Mzee afapo, miaka yake huzikwa pamoja naye, na watoto hubaki wakishindana juu ya jambo ambalo yeye angalilimaliza kwa neno moja. Dawa yake ni mstari wa miaka, nao hauhitaji ila karatasi ndefu, rula, wino na kalamu ya risasi.

Kwanza, upigwe mstari, na kila miaka 10 ipewe inchi 2. Nafasi zisipolingana, mstari utadanganya macho.

Pili, viwekwe vigingi, yaani mambo makuu ambayo miaka yake yajulikana. Katika Kenya, reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vita Vikuu vya kwanza vilidumu tangu 1914 hata 1918, na wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la Kariokor katika Nairobi latokana nao. Karibu na mwisho wa 1918 ikaingia homa kuu ya mafua. Vita vya pili vilikuwa 1939 hata 1945, na Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba, 1963.

Tatu, wazee waulizwe kwa adabu. Wasiulizwe, "Ilikuwa mwaka gani?" maana wengi hawakuhesabu hivyo. Waulizwe, "Ilikuwa kabla ya nini, na baada ya nini?"

Tuseme nyumba mbili za ukoo mmoja zashindana ni babu yupi aliyezaliwa kwanza. Nyumba ya kwanza yasema kwamba babu yao alikuwa mgongoni mwa mamaye siku ile babaye alipochukuliwa upagazi, na kwamba babaye alirudi kabla ya homa ya mafua. Nyumba ya pili yasema kwamba babu yao alizaliwa wakati watu walipokuwa wakifa kwa homa hiyo. Basi wa pili aandikwe 1918, na wa kwanza aandikwe "kati ya 1912 na 1918". Mwaka wake kamili haukujulikana, lakini mkubwa amejulikana, na ubishi umekwisha.

Mtu asibuni mwaka ili kuujaza mstari. Lililothibitika liandikwe kwa wino. La kukisiwa liandikwe kwa kalamu ya risasi, lipate kusahihishwa. Kando ya kila jambo litiwe jina la aliyelisimulia, na kama aliliona mwenyewe au alilisikia tu. Wazee wawili wakihitilafiana, maneno ya wote wawili yaandikwe, kisha atafutwe wa tatu.

Kazi hii isingojee matanga. Siku ya matanga mwenye kujua hayupo tena kuulizwa.