Hedhi Ikikoma, Tunza Fizi Zako

Mama anapiga mswaki alfajiri. Anatema, anaona povu lina wekundu. "Uzee huo," anajisemea, na kuanzia kesho yake anaukwepa upande ule unaotoka damu. Ukoga unabaki palepale, unaganda na kuwa ugaga ambao mswaki hauwezi kuutoa, na fizi zinazidi kuvimba. Damu kwenye fizi si uzee. Ni dalili ya ugonjwa, na ukiwahiwa unadhibitiwa.

Kwa nini kipindi hiki?
Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Wengi hufikia hapo kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua. Joto la ghafla na jasho la usiku wengi wanayajua, ila homoni hiyohiyo husaidia pia fizi, tezi za mate na mifupa, ukiwemo mfupa wa taya unaoshikilia meno.

Dalili za kuangalia
- Kinywa kikavu. Andazi halimezeki bila chai, na usiku unaamka kutafuta maji. Mate huosha meno na kupunguza makali ya asidi. Yakipungua, meno huoza upesi, hasa karibu na fizi. Baadhi ya dawa za presha na mzio huongeza ukavu. Usiziache, mweleze daktari wako.
- Fizi kuvimba, kutoka damu au kushuka, hata meno yakaonekana marefu kuliko zamani.
- Ulimi kuwaka kama umeunguzwa na uji wa moto, ilhali hauna kidonda.
- Meno kulegea au kuachiana nafasi.

Fanya hivi kila siku
1. Piga mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili, kwa dawa yenye floraidi. Ulaze mshazari, nywele zake ziguse jino na ukingo wa fizi, kisha uzungushe polepole. Panapotoka damu pasafishwe pia, taratibu.
2. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.
3. Safisha katikati ya meno kwa uzi wa meno. Kijiti chenye ncha kali huchoma fizi.
4. Kinywa kikikauka, kunywa maji kidogo kidogo. Chai ya sukari inayonywewa kutwa nzima, au pipi ya kulainisha koo, huyapa meno sukari kila saa.
5. Kula vyakula vyenye kalsiamu, kama maziwa, mtindi, na dagaa wanaoliwa na miiba yao.
6. Acha sigara, ugoro na tambuu. Popoo iliyomo kwenye tambuu husababisha saratani ya kinywa hata isipochanganywa na tumbaku.

Ukiwa na kisukari
Sukari ikipanda, fizi huumia. Fizi zikiugua, sukari nayo huwa ngumu kushuka. Vitibiwe vyote viwili.

Ukitumia dawa za kuimarisha mifupa
Mwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Baadhi ya dawa hizo, mara chache, huzuia taya kupona vizuri.

Usisubiri
Nenda kwa daktari wa kinywa na meno ukiona damu inayojirudia, usaha, jino linalocheza, au kidonda au doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili. Hata bila maumivu, nenda ukaguliwe na kusafishwa ugaga.

Wengi wetu hungoja mpaka jino liume, kisha tukifika tunasema, "Nimekuja kung'oa." Safari hii sema: "Fizi zangu zinatoka damu, na hedhi yangu imekoma." Taja na dawa zote unazotumia. Hapo daktari atakuwa na la kutibu kabla ya la kung'oa.